Kifurushi cha vipimo vya uchovu: tumepima watu watatu, kila mtu katoka na lake

Naona watu wengi wanauliza kama hivi vifurushi vya vipimo vya uchovu vinavyotangazwa na makliniki vina maana yoyote au ni hela inapotea tu, sasa mimi nimepitia, mwenyewe, alafu mume wangu, alafu dada yangu mkubwa, kwa iyo naandika kila kitu nilichokiona maana kabla sijaenda nilitafuta mtu wa kunielezea kwa urefu nikakosa. Jina la kliniki siliweki. Kuna mambo yameniudhi na kuna watu pale wamenisaidia sana, sitaki igeuke vita.

Kwa asiye na muda: dokta nyota 5, maabara nyota 5, kifurushi chenyewe kilivyopangwa nyota 2, na zile dripu za vitamini wanazokushawishi pale mapokezi sizipi hata moja. Kwa ujumla weka 3 na nusu.

Nianze na hali niliyoenda nayo. Miezi kama 8 nilikuwa nimechoka, na sio ule uchovu wa kazi, ule naujua, ukilala usiku mbili unaisha. Huu nilikuwa naamka nao. Nikipanda ngazi za ghorofa moja nasimama katikati nishike ukuta, moyo unadunda kama nimefukuzwa, kichwa chepesi, nywele zinabaki kwenye kitana kila nikichana, na kazini mchana nasoma mstari mmoja mara tatu haujaingia. Nikawa najiambia ni umri, ni watoto, ni mawazo. Nikanunua multivitamini nikameza miezi 2, hakuna kilichobadilika. Na mume wangu naye akawa analalamika uchovu huohuo kwa maneno yaleyale, "mwili hauna nguvu", basi wote wawili tukaamini maisha ndo yametuchosha, tukaacha hivyo. Hapo ndo tulipokosea, tulidhani kwa vile tunasema neno moja basi tunaumwa kitu kimoja.

Kifurushi kidogo, ambacho ndo kinanunuliwa na wengi, kina picha kamili ya damu, sukari ya kufunga, kreatinini kwa ajili ya figo, vimeng'enya vya ini, homoni ya tezi ya shingo, vitamini D na mkojo. Ukisoma hiyo orodha unaona imejaa, unaona wamefikiria kila kitu. Kumbukeni hiyo orodha, nitairudia.

Upande wa kuchukua damu sina la kulalamika hata kidogo. Walinipigia siku moja kabla wakanikumbusha nisile masaa 8, maji ruksa, na nikiwa na dawa za kila siku nizitaje. Nimefika, kijana wa maabara kabla hajafunga ule mpira mkononi akaniuliza kitu ambacho sijawahi kuulizwa popote: dada, unameza vidonge vya nywele na kucha? Nilikuwa nameza, si nimesema nywele zinatoka. Akasema basi leo hatuchukui, acha hivyo vidonge ndo urudi, maana vingi vina bayotini nyingi (aina ya vitamini B) na bayotini inaweza kudanganya vipimo vya homoni, tezi yako ikaonekana inafanya kazi kupita kiasi kumbe iko sawa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari ya jambo hilo 2017, ila nina uhakika watu kibao wanapimwa tezi huku wanameza hivyo vidonge na hakuna anayewauliza. Niliacha siku 3 nikarudi. Kwa swali hilo moja maabara wamepata nyota zao zote.

Majibu yalikuja jioni kwenye simu. Yote kijani. Himoglobini (kile kipimo cha wingi wa damu) 12.3, tezi sawa, sukari sawa, figo sawa, ini sawa, vitamini D chini kidogo tu, na chini kabisa meseji inasema matokeo yako yapo ndani ya kiwango cha kawaida, asante kwa kutuchagua. Nililia. Mtu akiambiwa mzima anatakiwa afurahi lakini mimi nilikuwa nimeshindwa kupandisha mfuko wa nguo ngazini asubuhi hiyohiyo, sasa ukiambiwa mzima maana yake ni nini, kwamba nimejitungia? Wanaopitia hapa wananielewa.

Sasa hiki ndo kitu cha kwanza nataka mkishike. Bei ya kifurushi ina ndani yake kuonana na dokta mara moja, lakini imeandikwa chini kwa maandishi madogo na pale mapokezi hawakwambii, wengi wanapata meseji ya kijani wanaishia hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa naishia hapo. Ni mume wangu aliyesoma mpaka mwisho akasema hapa umelipia dokta, nenda.

Dokta ni mama mtu mzima kiasi, mpole, na kwa dakika kama 20 za kwanza hakuigusa ile karatasi ya majibu. Akaanza na swali: unaposema umechoka, unachoka, unaishiwa nguvu, au unasinzia? Nikamwambia si yote ni yaleyale. Akasema hapana, hayo ni magonjwa matatu tofauti kabisa yanayoletwa kwangu kwa jina moja.

Alivyonielezea ni hivi. Kuishiwa nguvu kweli ni pale msuli wenyewe unakataa hata ukiwa umepumzika: huwezi kuinuka kwenye kiti kifupi bila kujisukuma na mikono, huwezi kunyanyua mikono juu uchane nywele, mguu unaburuza. Hapo anafikiria misuli, mishipa ya fahamu, chumvi za damu kama potasiamu, dawa, na tezi pia. Kusinzia ni pale ukikaa tu macho yanafunga, unasinzia kwenye gari, kwenye kikao, mbele ya wageni. Hapo anafikiria usingizi wenyewe ukoje, na dawa unazomeza. Kuchoka ni pale nguvu ipo lakini inaisha upesi, unaanza vizuri unashindwa kumaliza, na hapo ndo kuna orodha ndefu, damu pungufu, tezi, kisukari, moyo, figo, ini, maambukizi ya muda mrefu, sonona, mimba. Akaniinua kwenye kiti mara 5 mikono imefungwa kifuani. Niliinuka zote, mara ya tano nahema. Akasema misuli yako mizima, wewe unachoka.

Alafu maswali yakaja moja baada ya jingine, mengine niliona hayahusiani kabisa. Siku zako ni ngapi? 8. Unabadilisha pedi baada ya muda gani? Siku mbili za mwanzo kila saa na nusu, usiku naamka. Mabonge? Yapo. Tangu lini? Siku zote, mama yangu naye alikuwa hivyo. Akaweka kalamu chini akaniangalia. Akauliza, unatamani kutafuna kitu kisichokuwa chakula, udongo, barafu? Jamani nilishtuka, maana nilikuwa natafuna barafu kila siku, glasi nzima, na sijamwambia mtu yeyote kwa sababu niliona ni tabia tu.

Hapo ndo akafungua karatasi. Akanionyesha himoglobini 12.3. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mwanamke asiye mjamzito ni kuwa asiwe chini ya 12, kwa mwanaume 13, kwa iyo kompyuta imepaka kijani na kompyuta haijakosea. Lakini akasema himoglobini ni hela iliyo mkononi, bado hujaangalia akiba. Mwili ukikosa madini ya chuma haushushi damu siku hiyohiyo, unaanza kula akiba iliyowekwa, inaitwa feritini, mpaka akiba ikikauka ndo himoglobini inaanza kuteremka. Kwa iyo unaweza kuwa na damu ya kutosha kwenye karatasi huku ghala limebaki vumbi. Na humo humo kwenye ripoti ukubwa wa chembe nyekundu ulikuwa umeshaanza kusogea chini, dalili ilikuwepo ila haikuwa na rangi nyekundu.

Akapiga simu maabara, damu yangu bado ipo, wakaongeza feritini palepale bila kunichoma tena. Jibu: 7. Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima asiye na maambukizi wala uvimbe mwilini (ule wa mwili kupambana na ugonjwa) wanasema chini ya 15 ni upungufu wa chuma, na madaktari wengi wanaanza kushuku hata ikiwa chini ya 30. Mimi 7. Miezi 8 nimejilaumu kwa uvivu, kumbe 7.

Sasa ndo nawauliza hao wenye kliniki kwa dhati kabisa, mmetengeneza kifurushi mkakiita cha uchovu, upungufu wa chuma ni moja ya sababu zinazojulikana zaidi za uchovu kwa wanawake wa umri wa kuzaa, mnaweka vitamini D mnaacha feritini kwenye kifurushi kikubwa? Ndo maana nimewapa 2. Angalizo moja alilonipa dokta ambalo ni zuri kulijua: feritini inapanda yenyewe mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe, kwa iyo mtu anayeumwa anaweza kuonekana ana akiba kumbe hana, ndo maana na kipimo cha uvimbe kwenye damu waliniongezea ili wasome viwili kwa pamoja.

Matibabu yamekuwa ya kawaida tu. Vidonge vya chuma, kimoja, siku moja nameza siku moja naacha. Nilimuuliza kwa nini sio kila siku nipone haraka, akasema ukimeza leo mwili unatoa homoni inayofunga mlango wa chuma kwa karibu siku nzima, cha kesho kikija kinakuta mlango haujafunguka vizuri, kinabaki tumboni kukusumbua. Nameza tumbo likiwa tupu na kitu chenye vitamini C, mbali na chai, kahawa, maziwa na dawa za kiungulia, maana hivyo vinazuia chuma kisiingie. Choo kinakuwa cheusi, msiogope. Tumbo lilifunga wiki mbili za mwanzo, likazoea. Na hata damu ikikaa sawa unaendelea karibu miezi 3 zaidi ili ghala lijae, hapa ndo wengi wanaacha mapema alafu baada ya mwaka wanarudi palepale.

Ila alichokazia zaidi ni kwamba kidonge sio jibu, jibu ni chuma inaenda wapi. Akanipeleka ultrasaundi, nina faibroidi, vile vivimbe visivyo saratani kwenye kizazi, ndo zinazonimwagisha damu, naendelea kutibiwa kwa mtaalamu wa wanawake. Na akasema kitu nakiandika hapa kwa herufi za moyo wangu kabisa kwa sababu kinaweza kuokoa mtu: mwanaume yeyote, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na chuma pungufu asipewe vidonge akaondoka. Lazima watafute damu inavuja wapi tumboni, inaweza kuwa kidonda, inaweza kuwa minyoo ya safura, inaweza kuwa saratani ya utumbo mpana ambayo bado haijaonyesha dalili nyingine yoyote. Wengine utumbo wao haufyonzi chuma. Baba yako akiambiwa damu imepungua, uliza imepungulia wapi.

Mume wangu sasa. Naye alipima kifurushi hichohicho wiki iliyofuata, na nikasisitiza feritini iwekwe. Kila kitu kijani na safari hii kijani cha kweli, feritini yenyewe imejaa. Nikaanza kuogopa labda ni moyo. Tumekaa kwa dokta, akamuuliza lile swali lake, akajibu nachoka, mimi nikaingilia nikasema hapana dokta huyu anasinzia. Dokta akanigeukia akasema wewe ndo unalala naye, anakoromaje? Nikamwelezea ukweli, anakoroma kwa nguvu alafu ghafla kimya, kimya kirefu mpaka nakuwa macho namsubiri, alafu anashtuka kama mtu aliyetoka majini, anaanza upya. Miaka. Asubuhi kichwa kinamuuma na presha yake imeanza kupanda akiwa hana hata miaka 45.

Akampa karatasi ya maswali 8, kila swali unajipa 0 mpaka 3, una uwezekano gani wa kusinzia ukiwa unasoma, ukiwa abiria, ukiwa umekaa baada ya kula, hivyohivyo. Ni kipimo kinachotumika dunia nzima, kilitengenezwa Australia na dokta anaitwa Murray Johns, 1991, jumla ni 24 na ukizidi 10 unasinzia kuliko inavyotakiwa. Mume wangu alipata 16. Akapewa kifaa cha kulala nacho nyumbani usiku mmoja, kinabana kidole na kinasoma pumzi, jibu likaja koo linaziba au kubana mara 34 kwa saa. Kwa mtu mzima chini ya 5 ndo kawaida, 30 kwenda juu ni kali. Yani huyu mtu kila dakika mbili mwili ulikuwa unamwamsha apumue, na yeye hajui, anajua tu amelala masaa 8. Na alikuwa anaendesha gari kwenda kazini kila siku. Nikikumbuka hilo mikono inanitetemeka.

Anatumia mashine ya kusukuma hewa sasa, barakoa puani usiku kucha. Wiki ya kwanza aliichukia, wakambadilishia ukubwa wa barakoa ndo akaizoea. Hakuna kipimo cha damu hata kimoja duniani ambacho kingeona hilo tatizo, na kifurushi kinachoitwa cha uchovu hakina hata hiyo karatasi ya maswali 8 ambayo ni ya kalamu tu. Lile swali moja kwa mke ndo lilifanya kazi.

Wa tatu ni dada yangu mkubwa, na hapa nampa sifa nesi anayepokea simu. Dada aliona sisi tumepata majibu akataka naye alipie. Alivyopiga simu kuweka siku, nesi hakuandika tu tarehe, akamuuliza mama unajisikiaje hasa. Dada akasema miguu haina nguvu, nikiinuka magoti yanalegea, na moyo kuna muda unaruka. Dawa gani unatumia? Ya presha, ya kukojoza. Nesi akamwambia mama usisubiri kifurushi, njoo leo. Potasiamu yake ilikuwa 2.9, kawaida ni 3.5 mpaka 5. Zile dawa za kukojoza maji zinatoa na potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli inalegea, ikishuka zaidi moyo unapiga vibaya mpaka mtu anaweza kufa. Angeweka siku ya wiki ijayo, angepimwa kreatinini, figo zingeonekana nzuri, angeambiwa kijani. Kwenye kifurushi kidogo "figo" ni kreatinini peke yake, chumvi za damu hazimo. Mara ya pili hiyo kwenye familia moja. Walimrekebishia siku hiyohiyo na dawa ya presha ikabadilishwa.

Baada ya hapo nikawa nauliza kila mtu anayelalamika uchovu, unameza nini? Dawa za mzio na mafua za zamani zinasinzisha, baadhi ya dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo zinafanya mtu mzito, dawa za kolesteroli kwa watu wachache zinauma na kulegeza misuli, na mwenye kisukari aliyemeza metifomini miaka mingi anaweza kuishiwa vitamini B12, anachoka na vidole vinakufa ganzi akidhani ni sukari tu. Usiache dawa mwenyewe jamani, peleka orodha yote kwa dokta, hata za kienyeji na za dukani.

Vipimo vingine vya kifurushi nivipitie haraka. Tezi ya shingo kuwemo ni sawa kabisa, ikilala unachoka, unasikia baridi wenzako wanaona joto, choo kinafunga, ngozi inakauka, uzito unapanda, na kipimo cha damu mara nyingi kinalionyesha kama hujameza bayotini. Sukari ya kufunga ni sawa ila ningependa waweke na kile cha wastani wa miezi 2 hadi 3, ambacho kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari, japo kwa mwenye selimundu au damu pungufu kinaweza kusoma vibaya kwa hiyo lazima dokta ajue. Vitamini D yangu ilikuwa chini kidogo, nikapewa, sikuona tofauti yoyote. Ini na mkojo havikuniambia kitu, lakini ukikutwa na homa ya ini au figo zinazoanza kuchoka utashukuru vilikuwemo.

Maambukizi hayamo kwenye kifurushi na nadhani ni sawa yasiwemo kimyakimya, dokta aliuliza mdomoni: homa, jasho la usiku, kikohozi cha zaidi ya wiki 2, kupungua uzito, nimesafiri wapi, maana malaria, kifua kikuu, VVU, vyote vinaweza kuja na uchovu kwanza. Kipimo cha VVU alinipa nafasi ya kukubali au kukataa, bila kunikazia macho. Mimba pia aliuliza. Moyo aliusikiliza na akabonyeza miguu kama imevimba, akauliza kama nalala chali bila kukosa pumzi.

Kuna kitu kimoja nilitaka kukiacha ila nitakiandika. Aliuliza kama kwa wiki mbili zilizopita nimekosa hamu ya vitu nilivyokuwa navipenda, na kama nimekuwa na huzuni isiyoondoka. Nilikasirika, nikaona sasa anataka kuniambia ni kichwani. Akanituliza, akasema sonona ni ugonjwa unaochosha mwili kweli, misuli inauma kweli, usingizi unaharibika kweli, na ina matibabu, asipouliza atakuwa ameniruka nusu ya mwili. Mimi haikuwa hiyo. Lakini nina rafiki yangu ambaye ndo hiyo, alizunguka na vipimo vya damu miaka miwili, vyote kijani, na hakuna aliyemuuliza hayo maswali mawili.

Alafu wapo wanaopimwa kila kitu, chuma, tezi, usingizi, moyo, hakuna kinachopatikana, na wakijitahidi siku moja wanaanguka kitandani siku tatu. Kama imepita miezi 6 hivyo na usingizi hauwarudishii nguvu, upo ugonjwa wa uchovu sugu, ni wa kweli, wengine unawaanza baada ya maambukizi ya virusi, na ikiwemo kovidi. Hao wasilazimishwe mazoezi ya kuongeza kila wiki, Uingereza waliondoa ushauri huo kwenye mwongozo wao 2021. Kifurushi hakiwasaidii sana, wanahitaji dokta wa kukaa nao.

Dripu. Nilivyorudi na meseji yangu ya kijani, kabla sijaingia kwa dokta, dada wa mapokezi akaniambia kwa vile majibu yako mazuri, huo uchovu dripu ya vitamini itaumaliza, wengi wanapenda. Hakuna aliyekuwa amejua nina feritini 7. Ningelala pale, ningelipa, ningejisikia vizuri siku moja kwa sababu ya maji na kupumzika, na damu ingeendelea kumwagika. Na msikimbilie kumeza chuma kiholela pia kwa kusoma hapa, wapo watu wanaozaliwa na mwili unaokusanya chuma kupita kiasi na hao nao dalili yao ya mwanzo ni uchovu, ukiwaongezea unawaharibu ini. Pima kwanza.

Na kuna hali ambazo kifurushi sio mahali pake kabisa, usiweke siku, nenda dharura sasa hivi: upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu au mdomo kupinda, ulegevu unaoanzia miguuni unapanda juu siku hadi siku, kope kuanguka na chakula kukwama kooni au pumzi kuwa fupi, maumivu ya kifua, kuzimia, choo cheusi kinachonata kama lami chenye harufu kali (cha vidonge vya chuma ni cheusi tu, hakinati hivyo wala hakina ile harufu).

Kama utaenda, nikushauri hivi: ingia na orodha ya dawa zako na vidonge vyako vyote, ulizia feritini na chumvi za damu ziwekwe kwenye hichohicho kifurushi kidogo, mtu unayelala naye mchukue, na usiondoke bila kuonana na dokta uliyemlipia.

Saivi ni wiki ya 10. Feritini yangu imefika 31, himoglobini 13.4. Barafu niliiacha bila kujilazimisha ndani ya wiki chache, hamu ilikatika yenyewe. Ngazi napanda nikiongea. Mume wangu alipewa tena ile karatasi ya maswali 8 akapata 6, na chumbani kuna kimya mpaka usiku wa kwanza nilimwamsha kuona kama yuko hai. Dada potasiamu 4.1.

Niliwaandikia kliniki, nikaomba mambo matatu: feritini na chumvi za damu ziingie kwenye kifurushi kidogo, karatasi ya usingizi itolewe kwa kila mtu anayenunua, na ile meseji ya kijani iseme wazi kwamba dokta bado anakusubiri. Walijibu kwa heshima kwamba wamepokea. Jana nimeangalia orodha yao, bado ni ileile. Wakibadilisha nitarudi hapa kurekebisha nyota.